Kabla hujaituma sarafu ya shaba ikapangiwe daraja

Sarafu ya kwanza niliyoituma kupangiwa daraja, yaani kwa kampuni inayothibitisha uhalisi wa sarafu na kuipa namba ya ubora, ilikuwa peni ya Uingereza ya mwaka 1797, ile kubwa ya Mfalme George III yenye ukingo mpana. Ilirudi ndani ya kasha la plastiki lililofungwa kabisa, lakini haikuwa na namba ya daraja. Lebo ilisema ni halisi, na kwamba iliwahi kusafishwa. Basi. Nilikuwa nimelipa ada, usafirishaji na bima ili niambiwe jambo ambalo ningeliona mwenyewe.

Kwa hiyo anza na taa. Ishike sarafu kwenye kingo tu, maana jasho la vidole huila shaba, kisha iinamishe taratibu chini ya balbu moja huku ukitazama kwa lenzi. Kwenye peni yangu kulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, yote imelala upande mmoja, ikipita juu ya shavu la mfalme na kuendelea hadi sehemu tupu bila kukatika. Mikwaruzo ya kupita mikononi mwa watu haikai hivyo. Huenda huku na huku. Rangi nayo ilisema. Uso ulikuwa na wekundu uliofifia, lakini ndani ya herufi zilizozama kwenye ukingo, mahali ambapo kitambaa hakikufika, hudhurungi ya zamani ilikuwa bado ipo. Ukiyaona haya, usiitume kwa kutafuta namba.

Kupangia shaba daraja kuna utata wake. Kipimo cha daraja cha 1 hadi 70 kinachotumika leo kilitokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949 kuhusu senti kubwa za shaba za Marekani. Siku hizi sarafu ya shaba ambayo haijatumika hupewa pia rangi: nyekundu, nyekundu-hudhurungi au hudhurungi. Mara nyingi rangi hiyo huipandisha bei kuliko namba yenyewe. Lakini kasha halizuii hewa kabisa, na wekundu unaweza kufifia humo humo usipoihifadhi pakavu penye giza.

Ukiona ukijani, usikimbilie kusugua. Utando laini unaonata mara nyingi umetoka kwenye mfuko wa plastiki ya PVC, na asetoni safi huuondoa bila kusugua (fungua madirisha, kaa mbali na moto). Ukijani mgumu uliokwisha kuila shaba hautoki bila kuacha shimo. Na dawa ya kung'arishia vyombo usiiguse kabisa, nakuomba.

Mimi hutuma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sarafu inayoghushiwa sana. Senti ya Marekani ya mwaka 1909 yenye herufi S (alama ya kiwanda cha San Francisco) na VDB (herufi za mwanzo za jina la mbunifu wake, Victor David Brenner) zilitengenezwa 484,000 tu, na matapeli huibandika S kwenye senti ya kawaida ya mwaka huo. Hapo cheti kina kazi. Ya pili ni kuuza kwa mtu wa mbali asiyeweza kuishika kabla ya kulipa. Katika hali zote mbili piga hesabu kwa ukali: chukua daraja unalolitarajia, lishushe hatua moja au mbili, kisha uone kama ongezeko la bei bado linazidi gharama zote, kwenda na kurudi. Sisi wenye mali huziona sarafu zetu kuwa nzuri kuliko zilivyo.

Nina peni nyingine ya mwaka huo huo. Imegongwa mara mbili ukingoni, lakini hudhurungi yake imeenea sawasawa, na mizani inaonyesha gramu 28 na kidogo, karibu wakia moja kama ilivyokusudiwa. Siiuzi, na uhalisi wake haunitii shaka. Iko ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, na sijaituma popote.