Usipandikize ngozi hiyo kabla ya kujua kama jeni imo katika seli shina

Ahirisha upandikizaji wa wiki ijayo. Umeandika kwamba keratinositi (seli za tabaka la juu la ngozi) ulizozitia jeni ya faktari IX, protini ya kugandisha damu, zinatoa protini hiyo kwa wingi kwenye sahani za maabara, na unauliza ngozi ya ukubwa gani imtoshe panya mmoja na promota ipi (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ni bora. Lakini hujasema popote kama jeni hiyo imeingia katika seli shina, yaani zile zinazodumu na kuzalisha ngozi mpya daima, na hapo ndipo fedha zetu zilipoteketea.

Sahani zetu nazo zilipendeza. Baada ya upandikizaji, protini ilionekana katika damu ya panya, kisha ikapungua wiki hadi wiki mpaka ikatoweka. Mshauri tuliyemlipa alitamka, bila kupima chochote, kwamba promota imezimika. Promota ilihukumiwa bila kusikilizwa! Tukaunda nyingine, tukapandikiza panya wengine, na matokeo yakawa yale yale. Bado nina uchungu naye, kwa kuwa kipimo cha kuamua kilikuwa chepesi: promota ikizimika, jeni hubaki ndani ya ngozi bila kusomwa; lakini seli zenyewe zikibanduka, jeni huondoka nazo. Tulipopima DNA ya kipandikizi hatimaye, jeni haikuwamo.

Tabaka la juu la ngozi ya binadamu hujibadilisha kwa muda wa takriban mwezi mmoja. Seli zinazogawanyika kwa kasi kwenye sahani, ambazo vekta ya retrovirusi (virusi vilivyogeuzwa kuwa chombo cha kubebea jeni) huziingia kwa urahisi, nyingi zimebakiza migawanyiko michache tu kabla ya kupanda juu na kupukutika, na ndizo zilizokuwa zikitupa namba nzuri. Mvulana wa miaka 7 aliyetibiwa Ujerumani mwaka 2015, ambaye asilimia 80 hivi ya ngozi yake ya juu ilioteshwa upya kwa seli zilizotiwa jeni ya LAMB3, inayosaidia kushikilia ngozi ya juu kwenye tabaka la chini yake, alipofuatiliwa ilibainika kwamba ngozi hiyo inategemea seli shina chache zenye maisha marefu, si umati wote uliopandikizwa.

Kwa hiyo tenganisha seli moja moja, zikuze juu ya seli za 3T3 (seli za panya za kuzilea) zilizozuiwa kugawanyika kwa mionzi, utafute holokloni, yaani koloni ambazo karibu vizazi vyake vyote huendelea kukua, kisha upime jeni humo. Wala usiache sahani ijae kabisa, kwa sababu keratinositi zikibanana huanza kukomaa, na seli shina unazozitafuta hupotea kabla hujazipima.