Maswali na Majibu: Kwa Nini Milango ya Kale Hulala Nyuma Katika Picha

SWALI: Ninapiga picha milango ya zamani katika miji ya kihistoria ya Ufaransa, na hivi karibuni nilikuwa Troyes na Dinan. Ninatumia simu, na kwa kuwa vichochoro ni vyembamba ninachagua lenzi pana kuliko zote, ninasogea karibu na mlango na kuielekeza simu juu. Milango yote inatokea imelala nyuma, mipana chini na myembamba juu. Nimejaribu programu yenye kitufe cha kunyoosha chenyewe. Mlango unasimama, lakini unakuwa mrefu kupita kiasi na nyumba nzima inaonekana kama imepigwa pasi. Kuna mtu mtandaoni anayeuza kifurushi cha mipangilio ya kuhariri picha ambacho anasema kinamaliza tatizo hili. Je, ninunue, au kuna programu iliyo bora zaidi? (Msomaji, Lyon)

JIBU: Usinunue kifurushi hicho, na kwa sasa acha pia kutafuta programu nyingine. Katika kazi yangu ya kupiga picha majengo ya kale, hili ni miongoni mwa maswali ninayoletewa mara nyingi kuliko yote, na karibu kila anayeliuliza huanzia pale ulipoanzia wewe, yaani huamini kwamba picha imeharibika kidogo tu na kwamba kilichobaki ni kupata chombo cha kuitengeneza. Imani hiyo ndiyo inayouza vifurushi. Mlango wako umelala kwa sababu simu ilitazama juu huku wewe ukiwa umesimama karibu mno, na mambo hayo mawili, mwelekeo wa kamera na mahali pa kusimama, huamuliwa mtaani kabla kidole hakijabonyeza.

Nianze na mahali pa kusimama, kwa kuwa wauzaji wa mipangilio hawapagusi kamwe. Chukua mlango wenye pete ya chuma ya kubishia hodi iliyojitokeza sentimita 15 mbele ya mbao. Ukisimama umbali wa mita 1.5, pete hiyo itatokea kubwa kwa takriban asilimia 11 kuliko ambavyo ingetokea kama ingekuwa imelala juu ya mbao zenyewe. Ukirudi nyuma hadi mita 4, ziada hiyo hushuka hadi asilimia 4 hivi. Tena, ukiwa karibu na unatazama juu, ukingo wa jiwe uliotokeza juu ya mlango huficha nakshi zilizo juu yake, na kilichofichwa wakati wa kupiga hakimo ndani ya faili. Programu inaweza kuvuta pembe za picha kuelekea huku na kule, lakini haina uwezo wa kukurudisha nyuma mita mbili na nusu.

Utaniambia kwamba kichochoro hakiruhusu. Mara nyingi kinaruhusu, ila mpiga picha hakurudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta wa upande wa pili. Shika wima simu au kamera yenye lenzi ya milimita 24, ambayo ndiyo takriban lenzi kuu ya simu nyingi za leo. Kutoka mita 4, lenzi hiyo huona urefu wa karibu mita 6. Ukiishikilia mita 1.5 juu ya ardhi, bila kuiinua uso wala kuiinamisha, nusu ya urefu huo itakuwa juu ya usawa wa kamera, maana yake ni kwamba utaona hadi karibu mita 4.5 kutoka ardhini, na mlango wa mita 3 pamoja na jiwe lake la juu utaingia wote ukiwa umesimama wima. Sehemu ya chini ya picha itajaa mawe ya barabara. Yakate ukifika nyumbani.

Watu hudharau njia hii kwa sababu haina gharama, ilhali kijiometria ni ile ile inayofanywa na lenzi ghali za kuhamisha, yaani zinazoweza kusogezwa juu au chini huku kamera ikibaki imetulia, ambazo wapiga picha wa majengo hununua. Lenzi ya Canon ya aina hiyo yenye milimita 24, iliyotoka mwaka 1991, huhamishwa hadi milimita 11, na kwa mlango ulio umbali wa mita 4 hilo huupandisha mwono wa kamera kwa karibu mita 1.8 bila kamera yenyewe kuinua uso. Unachopoteza unapokata badala ya kuhamisha ni sehemu ya ukubwa wa picha, basi. Eugène Atget, aliyefariki mwaka 1927 baada ya kutumia takriban miongo mitatu akipiga picha mitaa, milango na pete za milango za Paris ya zamani, alifanya kazi kwa kamera ya mbao na sahani za kioo za sentimita 18 kwa 24. Aliiacha kamera itazame mbele, akaupandisha tu ubao unaoshika lenzi. Katika picha zake kadhaa pembe za juu ni nyeusi, kwa kuwa lenzi ilipandishwa hadi duara la mwanga inalolitupa kwenye sahani halikuzifikia tena, lakini majengo yake yamesimama.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni kitufe chenyewe cha kunyoosha. Kitufe hicho hutafuta mistari mirefu katika picha, hudhani kwamba ilipaswa kuwa wima au mlalo, kisha huilazimisha iwe hivyo. Dhana hiyo inaweza kufaa kwa jengo la ofisi la kisasa. Kwa Troyes ni dhana potofu tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya mji huo iliteketea kwa moto mwaka 1524, na nyumba nyingi za fremu za mbao unazozipiga picha zilijengwa baada ya hapo, kwa mwaloni ambao kwa desturi ya mafundi wa zama zile ulichongwa na kuunganishwa ukiwa bado mbichi. Mbao mbichi hukauka zikiwa tayari zimebeba mzigo, hivyo husinyaa na kujisokota, na kwa karne tano misingi nayo imekuwa ikitulia chini bila usawa. Katika kichochoro cha Ruelle des Chats nyumba za pande mbili zimesogeleana juu hadi karibu zigusane, na miimo ya milango ya nyumba za namna hiyo huegemea upande mmoja kwelikweli, mbele ya macho ya yeyote anayepita.

Kwa hiyo katika picha yako kuna mielekeo miwili iliyochanganyika: mmoja umeuleta wewe kwa kuinua simu, na mwingine ni wa nyumba yenyewe, ambao ni sehemu ya historia yake na pengine ndio uliokuvutia usimame. Programu haina njia ya kuitenganisha. Inaifuta yote miwili kwa pamoja, na ndiyo maana nyumba yako imetoka kama ilivyotoka. Urefu uliozidi unatokana na chanzo kinachofanana na hicho. Programu inapoufungua upande wa juu uliobanwa, inapaswa kujua simu iliinuliwa kwa pembe gani ili irudishe uwiano wa kimo na upana, na kama haijui, hukisia.

Dinan ina mtego wake zaidi. Rue du Jerzual ni mtaa wenye mteremko mkali, na nimeona picha nyingi za mtaa huo ambazo mpiga picha ameilinganisha simu na kizingiti au na mstari wa barabara, vitu ambavyo mara nyingi hufuata mteremko. Usilinganishe kamera na kitu chochote kilichojengwa. Ilinganishe na uzito wa dunia. Simu nyingi zina kipimo cha usawa ndani ya kamera au katika programu yake ya vipimo, na pimamaji ndogo ya fundi ikibandikwa mgongoni mwa simu hufanya kazi hiyo hiyo. Mimi huongeza timazi: mwenzangu hushikilia uzi wenye kidude kizito mbele ya mwimo, ninapiga picha moja ya majaribio, kisha anaondoka na ninapiga picha halisi bila kuisogeza kamera. Nikihitaji marekebisho madogo baadaye, ninayafanya kwa mkono katika picha yenye uzi hadi uzi uwe wima kabisa, halafu ninayahamishia katika picha ya pili. Mwegemeo unaobaki hapo ni wa nyumba, na hauguswi.

Kuhusu rangi, ambayo muuzaji wako bila shaka anaitia katika kifurushi hicho hicho, nitasema machache. Mipangilio ya rangi iliyotengenezwa kwa picha ya mtu mwingine haijui mlango wako ulipata mwanga gani. Majumba makubwa ya upande wa kusini wa Cours Mirabeau, katika mji wa Aix-en-Provence, yametazama kaskazini, kwa hiyo milango yake hukaa kivulini karibu siku nzima, tena kivuli kinachopita kwenye majani ya miti na kuchukua ukijani. Mpangilio uliotengenezwa kwa mlango uliopigwa jua utaufanya mti wa mjozi uliochongwa pale uonekane kama plastiki. Katika ukumbi wa mbele wa kanisa kuu la Le Puy-en-Velay kuna milango ya mbao ya karne ya 12 iliyochongwa kwa kina kidogo sana, yenye ukingo unaofuata mtindo wa maandishi ya Kikufi, yaani maandishi ya kale ya Kiarabu yenye pembe, mtindo ambao wasomaji wa pwani wanaujua kutoka msikiti wa Kizimkazi, Zanzibar. Michoro hafifu kama hiyo husomeka kwa mwanga unaotoka ubavuni. Ukiongeza ukali wa picha kwa filta, nyufa za mbao zitapata nguvu sawa na mistari ya mchongaji, na hutaweza tena kujua ipi ni ipi.

Ningeweza kuishia hapo kama madhara yangekuwa ya picha za likizo pekee. Lakini picha za majengo ya kale hutumika. Mwaka 1851 tume ya Ufaransa ya majengo ya kihistoria iliwatuma wapiga picha watano, miongoni mwao Édouard Baldus na Gustave Le Gray, wakapige picha majengo katika sehemu mbalimbali za nchi ili ijulikane yamo katika hali gani na yapi yanahitaji kukarabatiwa. Hadi leo mwegemeo wa mwimo, ufa katika jiwe la juu au bawaba iliyoachia huonekana kwanza katika picha za miaka tofauti zinapolinganishwa. Picha iliyonyooshwa na kitufe humwambia mkarabati kwamba mwimo uko sawa, na mtaalamu anayetaka kuunda umbo la jengo kwa vipimo kutoka kwenye picha hawezi kuitegemea, kwa kuwa hesabu zake zinahitaji jiometria ya lenzi kama ilivyokuwa. Mbaya zaidi ni vile vitufe vipya vya akili mnemba vinavyojaza pembe zilizobaki tupu baada ya kunyoosha, kwa sababu huweka pale mawe na mbao ambazo hazijawahi kuwepo. Nimeona milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ikitendewa hivyo, njumu zikizidishwa na nakshi za pembeni zikibuniwa, na picha hizo zikisambaa kama kumbukumbu za kweli. Anayeuza njia ya mkato ya namna hii anauza uongo kuhusu jengo la watu, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Kwa picha ulizokwisha kupiga, hifadhi faili za asili kama zilivyo na uzitenge na zile zilizopitishwa kwenye kitufe. Kisha chunguza kila picha kuona kama kuna kitu kinachoning'inia kwa uzito wake, kama vile taa ya mnyororo, kamba ya kengele au kikapu cha maua. Hicho kitakufaa kama timazi wakati wa kurekebisha kwa mkono, mradi kiko karibu na mlango na upepo haukukisukuma. Pale ambapo hakuna kitu kama hicho, acha picha ibaki na mlalo wake. Utakaporudi Dinan, beba futi ya fundi, upime upana na kimo cha uwazi wa mlango na uandike vipimo hivyo pamoja na namba ya picha, ili ukilazimika kurekebisha, uwiano utokane na namba ulizopima mwenyewe.