Mchele wa Pakistan, Pakiti ya Kisumu: Lebo Iandikwe Nchi Gani?

SWALI: Nanunua mchele wa Pakistan kwa magunia ya kilo 50 na kuufunga upya kwa pakiti za kilo 2. Pia natengeneza siagi ya njugu kwa njugu za Malawi. Anayenichapishia lebo anasema zote niziandike "Zao la Kenya" kwa sababu kazi inafanyika hapa. Ni sawa? – Msomaji, Kibuye, Kisumu

JIBU: Kwa mchele, hapana kabisa. Kiwango cha lebo za vyakula cha Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula), CXS 1-1985, kinasema chakula kikisindikwa katika nchi ya pili hadi hali yake ikabadilika, nchi hiyo ya usindikaji ndiyo inayoandikwa. Kupepeta, kuchambua mawe, kupima na kufunga hakubadilishi chochote. Punje iliyoingia dukani kwako ndiyo hiyo hiyo inayotoka. Njugu zilizokaangwa, zikatolewa maganda na kusagwa zimekuwa bidhaa nyingine, kwa hivyo "Imetengenezwa Kenya" inafaa. Usiseme "zao", maana njugu hazikulimwa hapa. Ukiongeza "kwa njugu za Malawi", mnunuzi ataelewa vizuri zaidi.

Kwenye mchele andika "Mchele wa Pakistan. Umefungwa na...", kisha jina na anwani yako, vyote kwa herufi za ukubwa mmoja. Anwani ya Kisumu ikisimama peke yake, mtu atadhani ananunua mchele wa Ahero, na mkulima wa Ahero ndiye anayeumia. Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura 505, inahesabu mahali bidhaa ilikotoka kuwa sehemu ya maelezo yake. Kudanganya hapo ni kosa.

Shida huanzia kwenye lebo zilizochapishwa kwa wingi. Mwezi huu mchele ni wa Pakistan, ujao msambazaji anakuletea wa Tanzania, na lebo bado ni zile zile. Acha nafasi tupu ya nchi na namba ya bechi, upige muhuri kila unapofungua shehena mpya. Tumia wino wa kupigia muhuri kwenye plastiki, unaokauka upesi. Wa kawaida hufutika pakiti zikisuguana kwenye katoni. Kata maandishi ya gunia uyabandike daftarini pamoja na tarehe na idadi ya pakiti. Gunia la kilo 50 hutoa pakiti 25, hazizidi. Zikizidi, kuna mchele mwingine umeingia, na ukichanganya lazima utaje nchi zote mbili.

Ukivusha siagi kwenda Uganda kupitia Busia, forodha hutumia kipimo kingine: Kanuni za Asili ya Bidhaa za Afrika Mashariki za 2015. Usidhani kilichokubalika kwenye lebo kitakupa msamaha wa ushuru.

SWALI: Msimbo wa mistari ukianza na 616, bidhaa ni ya Kenya? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Si lazima. 616 inaonyesha tu kwamba kampuni ilipewa namba na GS1 Kenya, shirika linalotoa namba za misimbo ya mistari. Bidhaa yenyewe yaweza kuwa imetoka popote. Soma maneno ya nchi kwenye lebo. Kama pana alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya), tuma ujumbe mfupi wa SM# ikifuatwa na namba ya kibali kwa 20023, ulinganishe jina la kampuni utakaloletewa na lililo kwenye pakiti.