Ukiondoka, Duka Linabaki na Nani?

Barua nyingi za safari hii zinataka jambo moja: biashara iendelee hata mwenyewe akiwa hayupo. Nimechagua zinazofaa wengi na kuzifupisha.

Nina duka la rejareja Morogoro, lakini kazi yangu iko Dodoma. Dukani nimemweka binti wa shemeji yangu. Kila mwisho wa mwezi kuna shoti, na huwa nakata kwenye mshahara wake. Nimfukuze? (Mama wa duka, Dodoma)

Usimfukuze, mama, na acha kwanza kukata. Umeandika kurasa mbili na hujataja popote kuhesabu mali. Sasa shoti umeijuaje? Kama unalinganisha pesa ya kwenye droo na ile uliyoitarajia, hizo ni dhana. Chukua mali iliyokuwepo tarehe moja, jumlisha iliyoingia, toa iliyobaki kwenye rafu. Kilichotoka kipigie bei ya kuuzia, kisha ulinganishe na mauzo, bila kusahau madeni ya wateja na vilivyoharibika. Hesabuni pamoja, wewe na huyo binti, na kila mmoja atie saini.

Halafu fungua gunia moja la sukari la kilo 50 na uliuze mwenyewe robo robo. Kwenye karatasi ni robo 200. Lakini mzani ukimpendelea mteja kwa gramu 5 tu kila robo, kilo nzima imeshaondoka kabla gunia halijaisha, na bado hujahesabu iliyomwagika. Ongeza mchele, unga, maharage na mafuta ya kupima. Huenda miezi yote hii binti wa watu analipia sukari ambayo wateja wamekwenda nayo kihalali.

Tena kuna sheria. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikupi ruhusa ya kukata upendavyo. Hasara lazima iwe imetokana na kosa lake, umwandikie kiasi na jinsi ulivyokipata, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Undugu hauiondoi sheria hiyo.

Na jambo ambalo hukuuliza: ukifika Morogoro mwisho wa wiki, wewe unachukua nini? Sabuni, mafuta, nauli ya kurudia kutoka kwenye droo? Yote hayo yaandikwe kwenye daftari lile lile, kwa jina lako. Maduka mengi ninayoyajua yaliliwa na wenyewe, wauzaji wakabebeshwa lawama. Jilipe mshahara unaojulikana, kisha droo uiache.

Nina milioni tatu. Nifungue biashara gani ambayo haitahitaji niwepo? (Wengi, kila wiki)

Hakuna. Mnataja pesa, hamtaji mnachokijua. Kama huna muda kabisa, nunua vipande vya UTT AMIS (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au hati fungani za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), uachane na habari ya duka.

Nikifunga kamera, naweza kumwachia kijana duka? (Mombasa)

Kamera itakuonyesha mkono wake, haitakuhesabia mali. Anza na daftari.

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu. Nitajuaje kila siku kama mambo yako sawa? (Mwanza)

Floti, yaani salio la uwakala lililo kwenye simu, ya mitandao yote ukijumlisha na keshi lazima irudi kwenye mtaji uleule, kamisheni ukiiweka pembeni. Unayemwachia kibanda aifunge hesabu kila jioni na akutumie, hata kama siku hiyo hakuna aliyekuja.

Nina mgahawa. Nikiumwa siku mbili tu, wateja wanasema pilau si lile. Nimeajiri wapishi watatu, wote wameshindwa. (Tanga)

Dada yangu, hao wapishi hawakushindwa. Hukuwafundisha, uliwaacha wakutazame. Wewe unatia bizari kwa kukisia na unajua supu inatosha kwa kuitazama. Wao watajuaje? Kesho pika kama kawaida, ila kabla kitu hakijaingia sufuriani kipime: mchele kilo ngapi, nyama kiasi gani, vitunguu vingapi, bizari vijiko vingapi, supu vikombe vingapi. Eleza na vile vitunguu viive mpaka rangi gani, maana hapo ndipo pilau nyingi zinapoharibikia. Andika, bandika jikoni, kisha apike mwingine wewe ukiwa umekaa. Usiinuke kumsaidia. Akikosea, rekebisha karatasi kabla ya kumrekebisha yeye.

Mpishi akishaweza, ondoka nusu siku. Kila simu utakayopigiwa iandike: gesi inanunuliwa wapi, mteja fulani anakopeshwa au hakopeshwi, muuza samaki analipwa lini. Kila simu ni jambo ambalo umelifungia kichwani mwako. Lipatie jibu la maandishi, kisha uondoke siku nzima. Wenye biashara wengi husema hawana mtu wa kumwamini, kumbe hawajamwachia mtu yeyote maelekezo. Na huyo mpishi umlipe vizuri, la sivyo ataondoka na karatasi yako akafungue mgahawa wake mtaa wa pili.

Nimeambiwa nisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ili biashara ijitegemee. Ni kweli? (Mbeya)

Usajili hauuzi wala haupiki. Ila angalia umesajili nini. Jina la biashara ni wewe mwenyewe, wakati kampuni ni mtu mwingine kisheria. Ukifariki ukiwa na jina la biashara tu, akaunti iliyo kwa jina lako inaingia kwenye mirathi, na benki itasubiri msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Wauzaji wa jumla hawatasubiri, na kodi ya fremu haitasubiri. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria kampuni, mwonyeshe mwenzi wako au mwanao mkubwa mkataba wa fremu, daftari la wanaokudai na la unaowadai.