Kutembea wima: angalia goti kwanza

Ukitaka kujua kama kiumbe wa kale alitembea kwa miguu miwili, usianzie kwenye ukubwa wa ubongo. Anza na goti. Kwa binadamu, mfupa wa paja hushuka kwa mshazari kuelekea ndani, hivyo nyayo hukaa chini ya uzito wa mwili. Kwa sokwe hushuka karibu wima. Kisha nyonga: yetu ni fupi na pana. Lucy, kiumbe wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974, ana dalili zote mbili ingawa aliishi miaka milioni 3.2 iliyopita, ilhali ubongo wa jamii yake haukuzidi sana wa sokwe. Tundu la chini ya fuvu, ambapo ubongo huungana na uti wa mgongo, likikaa mbele zaidi nalo husaidia, ila tahadhari: fuvu lililobanwa na udongo hupinda, na vipimo vyake hupotosha.