Ugoro wa babu yako

Mwanangu,

Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako niliusoma bandani huku nachambua majani, mikono imeganda gundi nyeusi, na simu ikapata doa ambalo mpaka leo halijatoka. Unauliza: kama wazee wetu hawatambiki bila ugoro, inakuwaje rafiki yako adai tumbaku ililetwa na wageni?

Rafiki yako kasema kweli. Asili ya tumbaku ni Amerika ya Kusini, upande wa milima ya Andes. Wenyeji wa huko waliilima maelfu ya miaka, wakiivuta, wakiitafuna, wakiinusa, na wao pia wakiitumia kusema na mizimu yao. Novemba 1492 watu wawili wa baharia Columbus, Rodrigo de Jerez na Luis de Torres, waliingia ndani ya kisiwa cha Cuba kumtafuta mfalme wa nchi. Mfalme hawakumwona, walirudi na habari za watu wanaotembea na majani yanayowaka, wakivuta moshi wake.

Huko Ulaya iliingia kama dawa. Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, aliipeleka kwao mwaka 1560, na nikotini, ile sumu ya tumbaku inayomlevya mvutaji, ikabeba jina lake. Mfalme James wa Uingereza aliichukia, mwaka 1604 akaandika kijitabu kizima cha kuilaani, kisha akaipandishia ushuru. Serikali ni serikali.

Lakini mimi mkulima kinachonishangaza ni mbegu. Umezisahau? Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000. Ukipiga chafya kitaluni, msimu umeondoka. Kitu kama hicho nani atakizuia kisisafiri? Mlowezi Mwingereza John Rolfe alipata mbegu za tumbaku tamu ya makoloni ya Wahispania, akazipanda Virginia, koloni la Waingereza Amerika ya Kaskazini, mwaka 1612, maana ya wenyeji wa pale ilikuwa kali, inakwaruza koo. Haikupita miaka mitano, watu wa Jamestown, mji wa koloni hilo, wakawa wanaipanda hadi barabarani. Mwaka 1619 meli ikashusha hapo Virginia Waafrika ishirini na ushee waliotekwa Angola. Mashamba ya tumbaku yakaja kulimwa na watumwa, vizazi na vizazi. Na hii tunayoikausha kwa mvuke, yaani hewa ya moto, kwenye bani letu la kukaushia jina lake ni hilohilo, Virginia. Nikiwa nachochea kuni usiku, huwa nawafikiria wale watu.

Kwetu Afrika ililetwa na vyombo vya baharini. Hata neno tumbaku ni lile lile tabaco ambalo Wahispania walilitoa visiwa vya Karibi.

Hapa Urambo, Waingereza walikuja na matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 kulima karanga. Mradi ukafa, tumbaku ikashika nafasi yake. Na karanga nazo, usicheke, zimetoka Amerika ya Kusini, kama mihogo. Mahindi nayo yametoka Mexico. Kwenye tambiko la babu yako, cha nyumbani kilikuwa ule mtama wa pombe.

Baba yako