Kwa wanaoanza kuendesha klabu ya wajenzi wa LEGO: patananeni kabla ya kujenga

Mtu anaponiambia kwamba anataka kuanzisha klabu ya watu wazima wanaojenga kwa matofali madogo ya plastiki ya LEGO, swali la kwanza ninalomwuliza ni upana wa meza za ukumbi atakaotumia. Wengi hushangaa, kwa kuwa walitarajia niulize idadi ya wanachama au wingi wa matofali waliyo nayo. Lakini bamba la msingi la vinundu 32 kwa 32, yaani vile vijivimbe vya juu vinavyoshikanisha matofali, lina upande wa sentimita 25.6, na meza za kukunja zilizozoeleka katika kumbi za mitaa hapa Uingereza zina upana wa sentimita 76 na urefu wa sentimita 183. Mabamba matatu yakipangwa kwa upana hufika sentimita 76.8, yaani huchomoza kidogo tu nje ya ukingo, na mabamba saba yakipangwa kwa urefu huacha nafasi ya karibu sentimita nne. Klabu inayoijua hesabu hiyo huwaambia wanachama wake mapema wajenge kwa vipimo gani. Isiyoijua huigundua asubuhi ya maonyesho, wageni wakiwa wamekwisha kupanga foleni mlangoni.

Nimekuwa katibu wa klabu ya aina hiyo kwa miaka tisa. Katika muda huo hatukuwahi kukosa watu wenye ujuzi wa kujenga, na karibu kila tatizo lililotusumbua lilitokana na jambo ambalo hatukulipatana kabla ya kuyagusa matofali. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza ninyi mnaoanza, iwe mko Leicester, Nairobi au Dar es Salaam.

Andikeni kipimo cha pamoja, na kiwe kifupi. Sisi tulianza na waraka wa kurasa kumi na moja ulioeleza hata rangi ya njia za waendao kwa miguu, na hakuna aliyeusoma hadi mwisho. Leo tuna ukurasa mmoja. Unasema kwamba kila kipande cha mji hujengwa juu ya bamba la vinundu 32 kwa 32; kwamba juu ya bamba hilo huwekwa safu moja ya matofali na kufunikwa kwa vibamba vyembamba, ili ardhi ya kila mtu iwe na kimo kimoja; kwamba pembeni, mahali palipotajwa, huwekwa matofali yenye matundu ambamo pini hupita kumwunganisha jirani na jirani yake; na kwamba barabara na reli huvuka ukingo kwenye vinundu vilivyotajwa. Hatukuubuni mfumo huu. Wajenzi wa nchi nyingi huutumia kwa jina la MILS, nasi tuliuchukua na kuupunguza. Ndani ya mipaka hiyo mtu akitaka kujenga msikiti, kiwanda, soko la samaki au msitu, hakuna anayemwingilia.

Hata hivyo, kipimo cha karatasini hakitoshi, maana meza za kumbi hazilingani. Katika maonyesho yetu ya pili, behewa la tatu la treni moja liliacha reli kila lilipofika mahali pale pale. Tulikagua magurudumu, tukabadilisha sumaku za kuunganishia, tukapunguza mwendo wa kichwa cha treni, na bado lilianguka. Mwishowe mwanachama mmoja ambaye ni seremala alipiga magoti, akaweka jicho lake sawa na uso wa meza, akaona kwamba meza ya kushoto ilikuwa chini kwa takriban milimita sita. Kibamba chembamba cha LEGO kina unene wa milimita 3.2, kwa hiyo viwili chini ya kila mguu vilitosha kabisa. Tangu siku hiyo sanduku letu la kwanza kushushwa garini lina pimamaji na bati lililojaa vibamba vya zamani vilivyopauka, na hakuna anayeruhusiwa kuweka jengo lolote kabla ya meza zote kupimwa.

Kwa anayetaka kuona faida ya mapatano mafupi, ninamshauri aanze na mtambo ambao wajenzi duniani huufahamu kwa herufi GBC. Kila mjenzi hutengeneza mashine yake ya kupokea vipira vidogo na kuvipeleka kwa mashine inayofuata, na mashine za watu ishirini ambao hawajawahi kuonana zinaweza kuunganishwa kwa muda wa saa moja. Zinaungana kwa sababu waliotunga kanuni zake walijizuia: kapu la kupokelea liwe la vinundu 10 kwa 10 na kimo cha matofali 10, mashine iweze kupitisha wastani wa kipira kimoja kwa sekunde, na ikiwa hupeleka vipira kwa mafungu, fungu moja lisizidi vipira 30. Yaliyo katikati ni ya mwenyewe. Nimeona vipira vikipandishwa kwa ngazi, kwa mkono wa roboti, kwa gurudumu kama la kuchotea maji, na kila kimoja kikafika kapuni mwa jirani. Kampuni yenyewe ya LEGO ilitangulia kwa mfano huo: tofali lililoombewa hataza huko Denmark, tarehe 28 Januari 1958, bado linashikana na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu, kwa kuwa kipimo cha vinundu hakikuguswa hata rangi na maumbo yalipobadilika mara nyingi.

Sasa nije kwenye umiliki, nami naomba msiupite haraka. Katika mwaka wetu wa nne alifariki mwanachama mmoja, mzee wetu aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote. Ghalani mwetu mlikuwa na stesheni yake kubwa yenye paa la mteremko na majukwaa manne, pamoja na masanduku kumi na mawili. Binti yake alipokuja kuyachukua, tuligundua kwamba hakuna aliyejua kwa hakika kipi kilikuwa cha marehemu. Vipande vya nusu ya paa alikuwa ameazima kwa mwenzake. Jukwaa moja lilijengwa kwa matofali ya klabu. Na ndani ya masanduku mawili mlikuwa na mabehewa ya mtu mwingine kabisa. Tulikaa jioni sita, tukiwa na picha za maonyesho ya zamani mezani, tukitenganisha kipande kwa kipande. Binti yule alitustahimilia kuliko tulivyostahili, na jioni ya mwisho alitusaidia yeye mwenyewe kuvunja paa ambalo baba yake alikuwa amelijenga mara tatu hadi likamridhisha.

Baada ya hapo tulipatana kwamba kila sanduku linaloingia ghalani huwa na karatasi yenye jina la mwenyewe na picha ya vilivyomo, na kwamba kuna hali tatu tu: mali ya mtu, mali ya klabu, au mkopo wenye tarehe ya kurudishwa. Jengo linalochanganya matofali ya watu wawili huandikwa kabla halijaanza. Tunamwomba pia kila mwanachama aandike jina la mtu wa kupigiwa simu na angependa matofali yake yafanywe nini akiondoka duniani au akihama. Jambo hili ni zito kulizungumza, kwa hiyo msiliweke kwenye ajenda ya mkutano. Mwulizeni mtu faraghani, wakati wa chai, naye apewe muda wa kufikiri.

Fedha nazo zinahitaji uangalifu huo huo. Klabu zinazotambuliwa na kampuni ya LEGO huwa na balozi wao katika mtandao wa kampuni hiyo, na miongoni mwa faida zake ni mpango uitwao LUGBulk, ambao huwawezesha wanachama kuagiza kwa wingi aina chache za vipande, mara moja kwa mwaka na kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba ni vya kujengea na si vya kuuza. Mzigo huja kwa pamoja na malipo hutolewa kwa pamoja, hivyo kwa wiki kadhaa mweka hazina hushika mamia ya pauni za watu wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka mmoja niliwalipia wanachama wawili kutoka mfukoni mwangu ili tuwahi siku ya mwisho, mmoja akahamia mji wa mbali kabla mzigo haujafika, nami nikabaki na mamia ya vipande vya rangi niliyokuwa sina kazi nayo. Siku hizi jina la asiyelipa huondolewa kwenye agizo, hata akiwa mwenyekiti. Mzigo ukifika tunaugawa kwa mizani badala ya kuhesabu kwa vidole: tofali la vinundu 2 kwa 4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi, basi matofali 400 hukaribia gramu 920, na anayepokea husimama karibu na mizani na kutia sahihi hapo hapo.

Kuhusu matofali ya kampuni nyingine yanayoshikana na ya LEGO, amueni tu, kisha msirudie mjadala huo kila mwezi. Sisi tunayaruhusu vikaoni na si kwenye maonyesho, kwa kuwa waandaaji wengi wanaotualika huyakataa.

Mpokeeni vizuri mwanachama mpya. Wajenzi wa nchi za Magharibi huita miaka iliyo kati ya utoto na kurudi kwenye matofali “zama za giza”, na swali lao la kwanza kwa mgeni huwa ni lini alirudi. Mimi nilikulia Tanga, nikichezea magari ya waya na vifuniko vya chupa, na sikulishika tofali la LEGO hadi nilipofikisha miaka 31. Swali lile lilinifanya nijione nimeingia nyumba isiyo yangu. Mwulizeni mgeni anapenda kujenga nini, kisha mwekeeni bamba moja tupu kwenye mji wa klabu, hata kama analo sanduku moja tu la matofali nyumbani.

Wakati wa maonyesho, bima na ukaguzi wa vifaa vya umeme vishughulikiwe mapema, na kamba ya kizuizi iwe mbali na meza kuliko urefu wa mkono wa mtoto. Watoto wapeni meza yao ya kujengea, na walio chini ya miaka mitatu wapeni Duplo, matofali makubwa ya kampuni hiyo hiyo ambayo vipimo vyake ni maradufu, ili wasije wakameza kipande.

Kubomoa ni kazi nzito kuliko kupanga, kwa kuwa watu wamechoka na kila mmoja anataka kuondoka kabla ya giza. Wapeni wawili jukumu la kubaki hadi mwisho, wainame chini ya kila meza wakiwa na tochi, na kila kipande watakachokiokota wakitie ndani ya kopo moja la kioo. Kikao chetu kinachofuata huanza kwa kulimwaga kopo hilo katikati ya meza. Huwa mna kofia ya kisanamu cha mtu, gurudumu, mlango usio na kitasa, na vibamba vya mraba vya kijani visivyo na idadi, na wanachama huvuta viti karibu na kuanza kuulizana kipi ni cha nani.